Kifungua Mimba Si Tabia, Ni Kazi

Muhula uliopita, katika semina ya uchambuzi wa riwaya, mwenzetu mmoja alisimama mbele ya darasa kueleza wahusika wake. Alipofika kwa mhusika aliyekuwa mtoto wa kwanza katika nyumba yao, alisema kwa utulivu wa mtu asiyetarajia kupingwa: "Kama tunavyojua, kifungua mimba huzaliwa na moyo wa uongozi na kujitolea, wa katikati huwa mkaidi, na kitinda mimba hudeka." Darasa zima lilitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeuliza, "Tunajuaje?" Nami sikuuliza. Niliondoka na sentensi ile hadi nyumbani, ikaninyima usingizi. Makala haya ndiyo swali nililopaswa kuuliza siku ile, pamoja na jibu nililolipata tangu hapo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta. Nasema kwamba zile tunazoziita tabia za kifungua mimba, za mtoto wa kati na za kitinda mimba, kwa sehemu kubwa sana si tabia alizozaliwa nazo mtu. Ni kazi alizopewa, ni nyakati alizoishi, ni hali ya mfuko wa wazazi mwaka alipofika umri wa kwenda shule. Na nasema zaidi ya hapo: kuziita tabia ni njia ya kukwepa deni. Ukishamwambia mtu kwamba ameumbwa kujitolea, huoni tena haja ya kumshukuru, sembuse kumlipa.

Mimi ni kitinda mimba, wa tano kati ya watano. Asidhani mtu kwamba nalalamika kwa niaba yangu. Katika hesabu hii mimi ndiye niliyekula.

Babu yetu alikuwa na shamba la michikichi karibu na Rumonge. Mwaka 1972, mauaji yalipoanza mwishoni mwa Aprili kwenye mwambao huu wa kusini, alivuka ziwa na watoto wake hadi Kigoma, na baadaye wakapelekwa kuishi Mishamo, Tanzania. Baba alikulia huko, akaoa huko, na sote watano tulizaliwa huko. Dada yangu mkubwa alizaliwa 1994, mimi 2003. Mwaka 2008, wakati maelfu ya wakimbizi wa 1972 walipokuwa wakirejea, nasi tulirudi. Dada alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la sita, anasoma kwa Kiswahili, na mama anasema hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu. Mimi nilikuwa na miaka mitano, sijui hata kushika kalamu.

Shule iliyompokea dada ilifundisha madarasa ya juu kwa Kifaransa. Yeye alikuwa na Kirundi cha jikoni na Kiswahili cha daftari. Kifaransa hakuwa nacho hata cha salamu. Wakamrudisha darasa la nne, akaketi benchi moja na watoto wa miaka kumi, magoti yake yakigonga meza. Alivumilia mwaka mmoja na miezi kidogo. Kisha akashuka ufukweni kuanika ndagala, na hajapanda tena. Mimi nilipofika umri wa kuanza, nilianza darasa la kwanza na wenzangu wa rika langu, kwa Kirundi, kisha Kifaransa kikaja kwa zamu yake, kama kwa kila mtoto. Hakuna aliyenirudisha popote.

Leo ndugu na majirani wakituangalia wanasema: "Mwone yule dada, mtu wa kazi, si mtu wa kitabu, mkali kidogo lakini ana moyo wa kutoa. Ndiyo vifungua mimba walivyo. Na huyu mdogo, mpenda maneno, mpenda vitabu, hajui hata kubeba beseni. Ndiyo vitinda mimba." Nauliza: hapo kinachosema ni mpangilio wa kuzaliwa, au ni lori lililotuleta mwaka 2008? Kama mimi ningetangulia na yeye akafuata, nani kati yetu angekuwa anaandika makala haya, na nani angekuwa mchangani?

Wenzangu wasiojua ufukwe wetu niwaeleze kazi yenyewe kwa ufupi. Ndagala huvuliwa usiku, mwezi ukiwa umejificha, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Mitumbwi hurudi alfajiri. Wanawake wanaonunua lazima wawe pale kabla jua halijatoka, wabishane bei kwa beseni, wawabebe samaki, wawaoshe, wawatandaze mchangani, wawageuze, wawalinde na kuku, mbuzi na mvua. Mvua ikinyesha saa nane mchana siku ambayo hukufanikiwa kuwafunika, mtaji umeharibika. Wakikauka vizuri, huuzwa kwa wafanyabiashara wanaowapeleka Bujumbura kwa barabara ya kando ya ziwa. Mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake atakuwa mwamkaji, mhesabuji, mwenye sauti kubwa na asiyependa mzaha na muda. Ukimkuta hivyo ukasema ni kwa sababu alitangulia kuzaliwa, umeuacha ushahidi wote mchangani ukaenda kutafuta sababu tumboni mwa mama yake.

Jambo hili si la nyumba yetu tu. Burundi tuna majina yanayotaja nafasi ya mtoto waziwazi. Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Na pacha hawahitaji kikao cha kutafutiwa jina: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na anayezaliwa baada yao ni Ciza. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ni Kulwa na Doto. Bukuru ni ukubwa, Butoyi ni udogo. Sasa tuwaangalie hawa pacha. Wametungwa pamoja, wamezaliwa usiku mmoja, wamenyonya ziwa moja, na wanatofautiana kwa dakika. Lakini mtaani kwetu nimemwona Bukuru akitumwa kwanza na Butoyi akipakuliwa kwanza. Wakigombana, Bukuru ndiye anayeambiwa, "Wewe mkubwa, mwachie mwenzako." Baada ya miaka kumi na mitano ya kuachia, watu wanasema Bukuru ana busara ya kuzaliwa. Dakika zile zilikuwa na uwezo gani wa kugawa busara? Zilichogawa ni jina, na jina likagawa kazi.

Najua mwenzetu wa semina atanijibu kwamba haya ni ya vijijini, na kwamba wataalamu wa saikolojia wamekwisha kuthibitisha. Basi tuwaite wataalamu, maana nami nimewasoma.

Hadithi hii ya kitaalamu ni ya zamani. Mwaka 1874 Mwingereza Francis Galton aliandika kuhusu wanasayansi wa nchi yake akaona kwamba watoto wa kwanza wa kiume wamezidi miongoni mwao. Galton mwenyewe, na hili hunichekesha kila nikilikumbuka, alikuwa kitinda mimba. Baadaye huko Vienna daktari Alfred Adler akajenga nadharia: wa kwanza hupoteza kiti chake anapozaliwa wa pili, kwa hiyo hupenda mamlaka, wa pili hukimbizana na aliyemtangulia, wa mwisho hudekezwa. Adler alikuwa mtoto wa pili, na ndugu aliyemtangulia alikuwa mwanamume pia. Mwaka 1996 Mmarekani Frank Sulloway akatoa kitabu kikubwa akidai kwamba wa kwanza hulinda utaratibu uliopo na wanaofuata ndio huasi. Hapa ndipo wengi wetu tumesimama, hata wasiojua majina hayo.

Lakini utafiti haukusimama hapo. Mwaka 2015 Rodica Damian na Brent Roberts walichunguza takwimu za wanafunzi wa sekondari wa Marekani wapatao 377,000. Uhusiano waliouona kati ya nafasi ya kuzaliwa na haiba ulikuwa, kwa wastani, 0.02. Kwa asiyependa hesabu, huo ni uhusiano ambao ukikaa na ndugu wawili nyumba moja maisha yote hutauona kwa macho. Mwaka huohuo Julia Rohrer na wenzake wakachunguza watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Wakatafuta tofauti katika uchangamfu, utulivu wa moyo, upole na bidii. Hawakuipata. Walichokipata ni tofauti ndogo tu katika majaribio ya akili, na katika namna mtu anavyojiona kuwa mwepesi wa kufikiri.

Mtaniuliza: basi hiyo tofauti ndogo ya akili si ushahidi wa kuzaliwa? Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa Norway mwaka 2007. Petter Kristensen na Tor Bjerkedal walitumia majaribio ya vijana zaidi ya 240,000 walioingia jeshini. Wa kwanza waliwazidi wa pili kwa alama mbili na ushei. Kisha wakawatazama wale wa pili ambao kaka au dada yao mkubwa alifariki akiwa mchanga, nao wakalelewa kama wakubwa wa nyumba. Alama zao zilifanana na za vifungua mimba. Wenzangu, hapo kesi imekwisha. Mtoto huyo alizaliwa wa pili, tumbo halikubadilika, lakini akapewa nafasi ya mkubwa na akawa kama mkubwa. Kilichofanya kazi ni nafasi aliyolelewa nayo, si zamu ya kuzaliwa.

Sitaki kuficha kinachonipinga. Mwishoni mwa 2024 Michael Ashton na Kibeom Lee wa Kanada walitoa utafiti wa mamia ya maelfu ya watu wazima, nao waliona tofauti. Lakini ni ipi? Waliozaliwa katikati, wakifuatwa na wa mwisho, walikuwa wanyenyekevu na wapole kidogo kuliko wa kwanza, na waliokua bila ndugu walikuwa chini ya wote. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilihusiana na wingi wa ndugu nyumbani, yaani na mazoea ya kugawana. Kama mwenzetu wa semina anataka kuushika utafiti huu, aushike wote. Haumpi kifungua mimba aliyeumbwa kujitolea. Unasema kwamba anayeishi na wengi hujifunza kuishi na wengi.

Kwa nini basi kila mtu anaona kwa macho yake kwamba nadharia ni kweli? Kwa sababu tatu ambazo mwanafunzi yeyote anaweza kuzikagua bila maabara.

Ya kwanza ni umri. Nyumbani huwezi kuwaona ndugu wawili wakiwa na umri mmoja. Dada ana miaka tisa zaidi yangu. Bila shaka ana busara kuniliko. Nami nitakuwa na busara zaidi ya hii nikifika umri wake. Tunalinganisha mtu wa thelathini na mtu wa ishirini, kisha tunashangaa kwamba wa thelathini amekomaa.

Ya pili ni hesabu ya nyumba. Mtu huja akaniambia: "Angalia chuoni, vifungua mimba wamejaa. Hao ndio wenye akili." Ndugu yangu, kila nyumba yenye watoto ina mtoto wa kwanza. Nyumba zenye Minani ni chache. Hata kama kungekuwa na uwezo sawa kabisa, ungewakuta wa kwanza wengi na wa nane wachache, kwa sababu ndivyo walivyo duniani. Tena Minani hutoka katika nyumba ya watoto wanane au zaidi, ambako karo moja hugawanywa mara nyingi, ilhali kifungua mimba anaweza kutoka nyumba ya watoto wawili. Ukiwalinganisha hao, umelinganisha nyumba na nyumba, si ndugu na ndugu. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta wastani wa watoto 5.5 kwa kila mwanamke, kosa hili si dogo.

Ya tatu ni kalenda. Karo ya shule ya msingi Burundi ilifutwa mwaka 2005. Mtoto wa kwanza aliyefika umri wa shule mwaka 2000 na mdogo wake aliyefika mwaka 2006 walizaliwa nyumba moja lakini walikuta milango miwili tofauti. Aliyekuta mlango una bei akabaki nyumbani, aliyekuta uko wazi akaingia. Ziwa nalo lina kalenda yake: mtoto aliyekuwa darasa la mtihani mwaka 2021 au 2024, maji yalipopanda na kuingia katika nyumba za mwambao, hakusoma kama aliyemtangulia kwa miaka mitano. Katika nchi yenye historia kama yetu, kuzaliwa mapema au kuchelewa ni kuzaliwa katika matukio tofauti. Vienna ya Adler haiwezi kutuelezea hilo.

Tena mara nyingi mambo huwa kinyume cha vitabu vya Ulaya. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 kuhusu Ekuado, ulioandikwa na Monique de Haan, Erik Plug na José Rosero, ulionyesha kwamba katika nyumba za huko waliozaliwa baadaye ndio waliosoma zaidi, na waliotangulia ndio walioingia kazini mapema. Norway mkubwa hupewa vitabu, Ekuado hupewa kazi. Kama tabia ya kifungua mimba ingekuwa ya kuzaliwa, isingebadilika kwa kuvuka bahari.

Na kwamba kazi hujenga tabia, ushahidi uko hapa jirani. Mwaka 1973 Carol Ember alichapisha utafiti wake kuhusu watoto wa Kijaluo nchini Kenya. Kuna wavulana ambao nyumbani kwao hapakuwa na dada wa kufaa, basi wakapewa kazi ambazo desturi iliwapa wasichana: kupika, kuchota maji, kulea wadogo. Wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani, walionekana kuwa na ugomvi mdogo na ubinafsi mdogo kuliko wavulana wenzao. Hawakuzaliwa wasichana. Walipewa sufuria. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, nao hawakusema kwamba samaki huzaliwa amekunjwa.

Kuna mwenzangu mwingine, tuliyebishana naye nje ya darasa, ambaye hakuleta saikolojia. Alileta historia. "Rwagasore," akasema, "mtoto wa kwanza wa mfalme, na ndiye aliyetuongoza kwenye uhuru. Damu ya mkubwa!" Namheshimu sana Rwagasore, ndiyo sababu sitaki sifa yake apewe mkunga. Ufalme wa Burundi wenyewe haukuamini kwamba uongozi ni wa mkubwa: kiti hakikuwa lazima kimwendee mtoto wa kwanza, na Mwambutsa wa Nne alitawazwa 1915 akiwa mtoto mdogo kabisa. Tena, kwa mujibu wa Sulloway, mtoto wa kwanza hulinda utaratibu uliopo. Rwagasore alisimama kuupinga utawala wa Kibelgiji hadi akauawa Oktoba 1961. Mdogo wake Ndizeye naye alimwondoa baba yao kitini mwaka 1966. Kwa hiyo mkubwa aliasi na mdogo aliasi. Nadharia ambayo mkubwa akiongoza inathibitika, akiasi inathibitika, na akikaa kimya inathibitika pia, haitufundishi chochote.

Sasa turudi kwenye lugha, maana sisi ni wanafunzi wa lugha na hapa tuna dhambi yetu. Katika Kiswahili cha pande hizi za ziwa, na zaidi kule Uvira na Baraka, ndugu mkubwa huitwa yaya. Nimemwita dada yangu hivyo tangu nijue kusema. Nilipofika chuoni nikafungua kamusi ya Kiswahili sanifu, nikakuta yaya ni mwanamke anayeajiriwa kulea watoto wa watu. Wenzangu walicheka nilipowaambia. Mimi sikucheka sana. Neno ni moja na kazi ni moja: kubeba, kuogesha, kulisha, kulala mwisho. Tofauti ni kwamba yaya wa kamusi ana mshahara. Yaya wetu tunamlipa kwa kumwambia kwamba Mungu alimpa moyo mpana.

Na hapo ndipo ubishi huu unapoacha kuwa wa darasani. Likizo iliyopita dada alikuwa ameweka akiba kwa miaka miwili katika kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa. Alitaka kununua waya na mbao za chanja, pamoja na turubai, ili aache kuanika mchangani. Samaki wa chanja hukauka upesi, ni safi, na bei yake ni nzuri zaidi. Wakati huohuo mimi nilikuwa nahitaji kodi ya chumba na fedha za tasnifu ya mwaka wa mwisho. Kikao cha familia kikaitwa. Sikusikia mtu akimwuliza dada kama anaweza. Baba mdogo alisema tu: "Kifungua mimba ni kifungua mimba. Mungu humpa moyo mpana tangu tumboni." Wote wakaitikia. Dada akasema, "Sawa, Baba." Akainuka kwenda kuangalia moto.

Nilimfuata jikoni. Nilitaka kusema neno, sikujua neno gani. Yeye ndiye aliyesema, bila kunitazama: "Moyo mpana? Mimi nilitaka waya."

Fedha nilizichukua. Naziandika hapa ili msomaji asinidhanie mtakatifu. Ninaandika makala haya katika chumba kilicholipwa na chanja ambayo haijajengwa. Lakini tangu siku ile sitaki tena kusikia habari ya moyo wa kifungua mimba. Baba mdogo si mtu mbaya, anampenda dada. Ila maneno yale yalimrahisishia kazi. Yaligeuza uamuzi wetu kuwa uamuzi wa Mungu, na deni letu kuwa hulka yake. Kama angesema, "Binti yetu, tunakuomba akiba yako, tutairudisha mwaka fulani," dada angekuwa na nafasi ya kukubali, kukataa au kuweka sharti. Mtu anayeombwa ana haki ya kukataa. Mtu aliyeumbwa hivyo hana.

Vivyo hivyo kwa wengine. Kaka yetu wa tatu, wa katikati kabisa, aliitwa mkaidi tangu utotoni. Nilipomuuliza ukaidi wake ulianzaje, alisema: "Nilikuwa naomba kiatu. Aliyetangulia alinunuliwa kwa sababu ni mkubwa, wa mwisho kwa sababu ni mdogo. Mimi niliomba mara ya pili." Mara ya pili ndiyo iliyoitwa ukaidi. Nami nikiitwa mdekezwa, sibishi, lakini nauliza: nilijidekeza mwenyewe nikiwa na miaka mitano?

Ninaloliomba si kubwa. Kwa wanafunzi wenzangu: tukimchambua mhusika wa riwaya au tamthilia, tusiandike "kwa kuwa ni kifungua mimba" na kuweka nukta. Tuulize mwandishi amempa kazi gani, nani alikula kwa kazi hiyo, na nani aliiita kazi hiyo tabia. Tutapata uchambuzi bora, nina hakika. Kwa wahadhiri wetu, kwa heshima: sentensi inayoanza na "kama tunavyojua" iwekewe alama nyekundu, hata kama darasa zima limetikisa kichwa, na hasa likiwa limetikisa kichwa. Na kwa sisi sote tuliosomeshwa na ndugu, ambao ni wengi kuliko tunavyokiri: tuchukue karatasi tuandike ni kiasi gani, kwa mwaka, kwa faranga. Tusiandike "upendo". Upendo haupingwi, lakini haukaushi ndagala.

Karatasi yangu nimekwisha kuiandika. Juu yake sikuandika jina la dada wala "kifungua mimba". Niliandika: waya, mbao, turubai, na tarehe. Nilimwonyesha aliposhuka Bujumbura kuleta mzigo. Aliisoma polepole, akaikunja, akaiweka ndani ya kitenge, akaniambia kwamba bei ya waya imepanda.